Jina Lako Linaisha Kesho, Lipa Leo

Hotuba kwa wenye kampuni ndogo za utalii na nyumba za wageni, Arusha

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, kaka na dada zangu, habari za asubuhi. Nashukuru kwa nafasi hii, na nashukuru zaidi kwamba mmefunga ofisi siku ya kazi, wakati wageni wa mlima wameshaanza kuulizia nafasi za Juni, mkaja kusikiliza habari za majina ya tovuti.

Kabla sijasema lolote, naomba kila mmoja achukue kile kikaratasi alichokikuta kwenye kiti chake. Andika jina la tovuti yako. Mstari wa pili, andika jina la kampuni inayopokea fedha yako kila mwaka ili jina hilo liendelee kuwa lako. Sisemi aliyekutengenezea tovuti, wala kijana anayekuja kurekebisha kompyuta. Nasema kampuni iliyolisajili jina. Mstari wa tatu, andika tarehe ambayo jina hilo litaisha muda wake.

Naona kalamu nyingi zimesimama kwenye mstari wa pili. Msione haya. Nimelifanya zoezi hili na watu wa shule, wa misikiti, wa makanisa na wa maduka, na kalamu husimama palepale. Ila naomba muitazame vizuri hiyo nafasi tupu, kwa sababu tapeli ninayekuja kumzungumzia leo anaishi humo. Hana haja ya kuvunja nywila yako. Anachohitaji ni wewe usijue msajili wako ni nani. Usipomjua, yeye atajitambulisha kwamba ndiye, nawe hutakuwa na cha kumpinga nacho.

Niwaeleze lililomkuta mama mmoja mwenye nyumba ya wageni ya vyumba tisa, upande wa Usa River. Tovuti yake niliitengeneza mimi. Jina nililisajili mimi, kwa akaunti yangu na kwa barua pepe yangu, na mwaka wa kwanza nililipa kwa kadi yangu, akanirudishia kwa simu. Nilidhani namrahisishia maisha. Baadaye nikahamia kazi nyingine, nikaacha kuitumia ile barua pepe, na sikumwambia kitu. Kwa hiyo taarifa halali za kulipia jina upya zikawa zinaingia kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu. Yeye akabaki na jina lililopamba kadi zake, gari lake na kibao chake cha barabarani, wala hajui limesajiliwa wapi. Kosa hilo lilikuwa langu, na ndilo linalonifanya nisimame mbele yenu leo.

Asubuhi moja mhasibu wake, binti mwangalifu sana, alipokea ujumbe kwenye ile anwani iliyoandikwa kwenye tovuti. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: TAARIFA YA MWISHO. Chini yake jina la tovuti yao, sahihi herufi kwa herufi. Kisha tarehe ya kuisha, nayo sahihi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Kulikuwa na kisanduku chenye machaguo: mwaka mmoja dola 86, miaka mitano kwa punguzo, na muda wote wa maisha kwa bei iliyoandikwa kwa rangi nyekundu kana kwamba ni zawadi. Kulikuwa na kitufe cha kijani cha kulipia. Mwishoni kabisa, kwa herufi za kijivu zilizofifia, ndogo kuliko zile za kwenye pakiti ya dawa, kulikuwa na aya ndefu isiyosomeka kirahisi.

Nimeusoma ujumbe ule mara nyingi tangu siku ile. Ndani yake mlikuwa na sentensi iliyosema kwamba usipokamilisha usajili wa jina lako kwenye mitambo ya kutafutia, yaani kama Google, kabla ya tarehe ya mwisho, ofa hii itafutwa, na wateja watapata shida kukuona. Tuisome taratibu. Kinachofutwa ni ofa yao. Jina lako halikuguswa hata kidogo. Wameweka “jina lako”, “usajili” na “kufutwa” jirani kwa jirani ndani ya sentensi moja, wakakuachia wewe uyaunganishe kwa hofu yako mwenyewe. Na ile aya ya kijivu ndiyo inayokiri kwamba hii si ankara. Aliyeiandika anajua ipo siku ataulizwa na mwanasheria, kwa hiyo ameweka ukweli mahali ambapo jicho lenye haraka halifiki.

Binti alilipa. Alifanya kile ambacho mhasibu mwema hufundishwa kufanya: ankara imekuja, jina ni letu, tarehe ni ya kweli, tusichelewe. Sikubali mtu amwite mjinga. Aliingizwa mjini na watu ambao kazi yao ya kila siku ni hiyo.

Kisha likaja pigo la pili, na hili ndilo lililouma. Siku kumi na moja zikapita, na jina lenyewe halikuwa limelipiwa na mtu yeyote. Tovuti ikazimika Jumamosi. Barua pepe zikawa zinamrudia aliyezituma. Kundi la wageni sita waliokuwa wamalizie malipo ya awali waliandika mara mbili, barua zikarudi, wakahisi nyumba imefungwa, wakaweka nafasi kwingine. Mama alinipigia Jumatano. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, “Baba, si tulilipa?”

Jina tulilipata, kwa sababu lilikuwa bado kwenye kipindi cha nafuu kinachofuata baada ya kuisha. Wale wageni sita hawakurudi.

Sasa niwaeleze mambo haya yanavyokwenda, maana tapeli anakula penye giza. Jina la kikoa, au domeni kama tunavyosema maofisini, halinunuliwi moja kwa moja. Unalikodi kwa mwaka mmoja au zaidi, na kwa .com mwisho ni miaka kumi kwa mkupuo. Anayeshika daftari kuu la .com ni kampuni ya Marekani iitwayo Verisign. Daftari la .ke linashikwa na KeNIC kule Nairobi, na la .tz lipo chini ya mamlaka yetu ya mawasiliano, TCRA. Wewe huendi kwenye daftari kuu. Unapita kwa msajili mwenye kibali, na wasajili wa .com na ndugu zake hupewa kibali na ICANN, shirika lisilo la faida lililoundwa mwaka 1998 huko California. Mara nyingi hapa kwetu kuna mtu wa nne katikati: kampuni ya hostingi iliyokuuzia jina pamoja na nafasi ya tovuti. Huyo ndiye unayemlipa, naye humlipa msajili. Kwa hiyo kwenye kikaratasi chako huenda ukahitaji kuandika majina mawili, la msajili na la huyo wakala. Mwingine yeyote atakayekuandikia kudai fedha ya jina hilo ni mtu baki.

Bei nayo ni kipimo. Septemba 2024 Verisign ilianza kumtoza msajili dola 10.26 kwa mwaka kwa kila jina la .com. Msajili anaongeza faida yake, mwingine kidogo, mwingine sana, lakini huoni sababu ya jina la kawaida kufika dola 86. Ukiona bei mara tano au sita ya uliyolipa mwaka jana, weka simu chini kwanza.

Kuna jambo linalowachanganya wengi, nami nataka leo liishe. Watu huniuliza: kama huyu ni mwongo, ameijuaje tarehe yangu? Jibu ni kwamba tarehe ya kuisha kwa jina haijawahi kuwa siri. Mtu yeyote duniani akiwa na simu anaweza kuandika jina la tovuti yako kwenye ukurasa wa kutafutia, akaona lilisajiliwa lini, kwa msajili gani, na litaisha lini. Zamani hata jina lako, simu yako na anwani yako ya posta vilionekana. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, wasajili wengi waliyaficha hayo ya mtu binafsi. Tarehe ikabaki wazi. Na barua pepe yako umeiandika mwenyewe kwenye ukurasa wa mawasiliano, kwa sababu unataka wageni wakuandikie. Kwa hiyo tarehe sahihi haithibitishi chochote. Ni sawa na mtu kusimama mlangoni kwako akakusomea namba ya nyumba iliyopakwa ukutani, kisha akadai kodi.

Mchezo huu ni mkongwe, na ulianza kwa bahasha za karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni moja ya Kanada, Domain Registry of America, ilikuwa ikituma barua kwa wenye majina huko Marekani na kwingineko. Kampuni ya Kanada, jina lina “Amerika”, na sura ya barua ni ya kiserikali, na maneno yanayoeleza kwamba jina lako linakaribia kuisha. Aliyejaza fomu na kutuma fedha alidhani analipia jina palepale lilipo. Kumbe amesaini kulihamishia kwao, kwa bei ya juu. Kwa maandishi ya barua yenyewe ilielezwa kwamba hiyo si ankara, ni njia rahisi ya kulipa endapo utaamua kuhama. Mnaona? Ile aya ya kijivu ya Usa River ina babu yake.

Mwaka 2003 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliipeleka kampuni hiyo mahakamani. Ikazuiwa kupotosha watu, na ikatakiwa kurudisha fedha kwa wateja waliodanganywa, hadi watu 50,000. Ungedhani hapo kesi imeisha. Barua ziliendelea kwa miaka mingi, na majina yaliyofanana na hilo yakaongezeka. Julai 2014 ICANN ilimsimamisha msajili aliyekuwa nyuma ya biashara hiyo, Brandon Gray Internet Services. Kwa siku 90, kuanzia tarehe 18 Julai, hakuruhusiwa kusajili jina jipya wala kupokea jina linalohamishwa. Msingi wake ulikuwa kwamba mwenye jina ana haki ya kutodanganywa na msajili wake wala na wakala wa msajili huyo, na haki hiyo imeandikwa kwenye mkataba ambao kila msajili husaini na ICANN tangu mwaka 2013.

Katikati ya matukio hayo mawili, mwaka 2010, FTC iliishughulikia kampuni nyingine ya Toronto, Internet Listing Service. Hiyo ilijifanya msajili, ikatuma ankara bandia kwa biashara ndogo na mashirika ya hisani, ikiwadai ada ya kila mwaka ya “kuorodheshwa”. Hukumu ilikuwa ya zaidi ya dola milioni 4, na wahusika wakapigwa marufuku. Nawaomba mzingatie walichagua nani: biashara ndogo na mashirika ya hisani. Hawakwenda kwenye benki yenye ghorofa ya watu wa teknolojia. Walikwenda penye mhasibu mmoja, kompyuta moja, na mkurugenzi ambaye yupo njiani na wageni. Hilo ni soko letu, ndugu zangu. Ni sisi.

Leo bahasha imekuwa barua pepe, na kutuma elfu moja au laki moja gharama ni ileile. Sura zimeongezeka. Ipo ya mitambo ya kutafutia niliyowaeleza. Ipo inayodai inatoka Uchina: bwana mmoja wa “kituo cha usajili” anakuandikia kwa heshima kwamba kampuni fulani imeomba kusajili jina lako kwa .cn na .asia, na kwa kuwa wao ni waungwana wanakupa siku saba ulichukue wewe kwanza. Hiyo kampuni ya kuomba haipo. Kama huna biashara Uchina, futa ujumbe uendelee na kazi. Na ipo hatari kuliko zote, ambayo haitaki dola 86. Inakuonyesha ukurasa unaofanana kabisa na wa msajili wako na inataka uandike nywila. Ukiiandika, wanaingia kwenye akaunti, na kuanzia hapo barua za wageni wako na namba za akaunti unazowatumia kwa ajili ya malipo zinaweza kuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Zamani tuliambiwa tutafute makosa ya Kiingereza. Acheni kutegemea hilo. Mashine za siku hizi zinaandika Kiingereza safi na Kiswahili safi. Ujumbe wa tapeli unaweza kuwa umeandikwa vizuri kuliko wa msajili wako wa kweli.

Kinachofanya uoga huu ufanye kazi ni kwamba msingi wake una ukweli. Jina likiisha, linaweza kupotea kweli. Hata wakubwa yamewakuta: Krismasi ya mwaka 1999 Microsoft walisahau kulipia passport.com, watu wakashindwa kuingia Hotmail, huduma yao ya barua pepe, mpaka mtaalamu mmoja wa kompyuta asiyewahusu akalipa zile dola 35 kwa hiari yake. Kwa hiyo sitawaambia mpuuze kila taarifa ya kuisha. Anayepuuza zote anapoteza jina kama anayelipa zote. Dawa ni kumjua mmoja tu wa kumsikiliza.

Na huyo mmoja ana wajibu. Kwa .com na majina ya namna hiyo, kanuni za ICANN zinamtaka msajili akuarifu karibu mwezi mmoja kabla, tena karibu wiki moja kabla, na mara nyingine ndani ya siku tano baada ya jina kuisha kama hujalipa. Baada ya kuisha wasajili wengi huacha muda wa nafuu, unaoweza kufika siku 45, ingawa si wote hutoa wote. Kisha hufuata siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa, siku 5 za kusubiri, halafu jina linaachiwa kwa yeyote. Kwa hiyo yule anayekuandikia kwamba zimebaki saa 24 na baada ya hapo limekwenda, ama hajui kazi yake ama anakudanganya. Una muda wa kunywa chai na kuuliza.

Sasa tuje kwenye nyumba zetu. Jina liwe la kampuni. Namaanisha akaunti kwa msajili ifunguliwe kwa jina la biashara, na nywila ikae kwako, pamoja na leseni ya biashara na namba ya mlipakodi. Fundi wako mpe ruhusa ya kuingia afanye kazi, usimpe umiliki. Ninasema hivi nikiwa fundi. Kama jina lako limo kwenye akaunti ya kijana aliyekutengenezea tovuti, mpigie leo, kwa upole, mwombe alihamishie kwenye akaunti yako. Wengi hawakatai. Walifanya kama nilivyofanya mimi, kwa kurahisisha. Lakini ukingoja mpaka mkosane, au ahame nchi, au Mungu amchukue, utaanza kuzunguka na vyeti vya usajili kuthibitisha kwamba jina lililoandikwa kwenye gari lako ni lako.

Barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ya jina lilelile. Hili wengi hawalifikirii. Kama anwani uliyompa msajili ni ile ya info@ inayoishia na jina la tovuti yako, siku jina likiisha barua pepe nayo imekufa, na kiungo cha kubadilisha nywila kinatumwa kwenye sanduku ambalo halipo tena. Umejifungia nje na ufunguo uko ndani. Tumia anwani nyingine, ya bure haina shida, na watu wawili ofisini waweze kuifungua. Kama ningelifanya hilo tu kwa yule mama, taarifa halali zingemfikia.

Washa ulinzi wa hatua mbili, yaani nywila peke yake isitoshe kuingia, mpaka na uthibitisho wa pili, kama namba inayokuja kwenye simu yako. Acha jina likiwa limefungwa lisihamishwe. Ile namba ya siri ya kuhamishia jina usimpe anayekuomba kwa barua. Mtu anayeihitaji ni wewe, siku umeamua kuhama. Ukiweza, lipia miaka mitatu au mitano kwa mara moja, na uwashe malipo ya kujiendesha, ila ukumbuke kadi nayo ina tarehe ya kuisha. Halafu mfunge mhasibu wako kwa kanuni moja nyepesi: malipo yoyote ya tovuti hayalipwi kwa kubonyeza kiungo kilichomo kwenye ujumbe. Anafungua kivinjari, anaandika mwenyewe anwani ya msajili iliyoko kwenye kikaratasi, anaingia, anaona kama kweli kuna deni. Deni la kweli utalikuta limekaa ndani ya akaunti likikusubiri. Hakuna deni la kweli linaloishi ndani ya barua pepe peke yake.

Na ikishatokea? Kama hukulipa, usijibu. Hata kujibu kwa hasira kunawaambia kwamba anwani ina mtu. Hifadhi ujumbe, kisha fanya kitu kimoja zaidi kabla ya kuufuta: uripoti. Tovuti ya tapeli nayo ina jina, na jina hilo nalo lina msajili. Kila msajili wa .com anatakiwa awe na anwani ya kupokea malalamiko ya matumizi mabaya, na tangu tarehe 5 Aprili 2024 mikataba yao inawalazimu kuchukua hatua wakipata ushahidi wa wizi wa nywila na uovu wa namna hiyo. Dakika kumi zinatosha kutuma ujumbe wenyewe na picha ya ukurasa. Kama aliyekudanganya ni msajili mwenyewe mwenye kibali, au wakala wake, peleka malalamiko ICANN, kitengo cha kusimamia mikataba. Kama kampuni ipo nje, ipo tovuti ya econsumer.gov ambako mashirika ya kulinda walaji ya nchi nyingi hupokea malalamiko yanayovuka mipaka. Ikija kwa ujumbe wa simu, zile “ile hela tuma kwenye namba hii” mnazijua, na mnajua TCRA imetupa namba 15040 ya kuripoti. Itumieni na kwa haya.

Kama umelipa, usilale na siri. Piga benki siku hiyohiyo, sema umelipa kwa kudanganywa na unapinga muamala, na kadi ibadilishwe. Pingamizi la muamala lina ukomo wa muda, na kila wiki unayoipoteza kwa aibu inamsaidia yeye. Kisha siku hiyohiyo, kabla hujafanya jingine, ingia kwa msajili wako wa kweli uhakikishe jina lenyewe limelipiwa. Watu hushughulika kurudisha dola 86 wakasahau kwamba jina linaisha kesho. Na kama ulisaini kuhamisha, angalia kama jina limekwisha kuhama. Likishahama, kwa kawaida zinapita siku 60 kabla halijaruhusiwa kuhama tena, kwa hiyo linalozuilika lizuie mapema. Kituo cha polisi nacho nenda. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu mwaka 2015. Hata fedha isiporudi, namba ya taarifa ya polisi itaipa nguvu pingamizi lako benki.

Narudia hili la aibu kwa sababu linanikera. Niliposimulia habari ya Usa River kwa wenzetu wanne wenye nyumba za wageni, mmoja mmoja, wawili waliniambia kwa sauti ya chini kwamba nao walilipa. Kampuni ileile ya kubuni, mwaka uleule. Walikuwa majirani, wanakutana kwenye vikao, wanaazimana magari wageni wakizidi, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Mmoja angesema mapema, yule binti mhasibu angelitambua jina lile siku ulipoingia ule ujumbe. Barua za Toronto zilifika mahakamani kwa sababu watu walilalamika kwa jina na kwa anwani, wakapeleka karatasi walizopokea. Hawakungoja kuwa na uhakika wa kurudishiwa fedha.

Mnalo kundi la WhatsApp la umoja wenu. Naomba ujumbe wowote wa namna hii ukiingia ofisini kwako, upige picha uiweke pale, na anayetaka kuweka na kwamba alilipa aweke, na asiwepo wa kumcheka. Mwenyekiti amenikubalia kulisimamia hilo.

Yule mama yupo humu ndani. Amekaa mstari wa tatu, na ameniruhusu kusimulia. Jina la tovuti sasa liko kwenye akaunti yake, limelipiwa kwa miaka mitano, na anwani ya akaunti wanaifungua watu wawili, yeye na yule binti, ambaye bado ndiye mhasibu wake.

Sasa tutoe simu. Wenye .com, .org na .net, fungueni lookup.icann.org muandike jina lenu. Wenye .co.tz, tumieni ukurasa wa kutafuta wa daftari kuu la .tz, nami nitapita na kompyuta kwa watakaokwama. Mtaona mahali palipoandikwa msajili, na mahali palipoandikwa tarehe ya kuisha. Nakilini vyote viwili kwenye mstari wa pili na wa tatu. Mama, tuanze na wewe hapo mbele: jina la tovuti yako ni lipi?